Futi, Pipa, Tripu: Bei ya Shimo la Choo Dar es Salaam

Fundi au dereva wa gari la kunyonya majitaka akiingia uani kwako, swali lake la kwanza ni hili: shimo lina futi ngapi? Ukimjibu kwamba hujui, kwamba lilichimbwa na marehemu baba, bei imeshapanda kabla mfuniko haujafunguliwa. Nimelisikia swali hilo Buguruni, Vingunguti, Tandika na Manzese kwa miaka yote niliyokuwa bwana afya, na nimeona wapangaji, wajane na wastaafu wakitoa fedha ambazo hawakupaswa kuzitoa. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walijua bei ya unga na ya mkaa hadi senti ya mwisho. Kilichowaponza ni kwamba kipimo cha kazi ya choo, katika mji huu, kimebadilika kizazi hadi kizazi, na kila kilipobadilika mwenye nyumba alikuwa wa mwisho kuambiwa.

Pwani yetu haikufundishwa choo na wageni. Ukienda kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, utakuta nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo ndani yake, na sehemu ya kujitawazia pembeni. Wajenzi wale walilijua jiwe la matumbawe kwamba linapitisha maji. Shimo lilikunywa, tope likabaki chini, na nyumba ikaishi hivyo kwa miaka mingi. Hadi leo fundi mzee wa Kizimkazi au Lamu akichimba shimo anatazama kwanza ardhi inakunywa vipi, ndipo azungumzie ukubwa.

Karo la vyumba viwili, hili ambalo leo wengi wanalijenga Mbezi na Tegeta, lina asili nyingine. Mfaransa Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul alijenga tangi la namna hiyo nyumbani kwake miaka ya 1860, akapata hataza yake mwaka 1881. Aligundua kwamba uchafu ukifungiwa mbali na hewa huoza wenyewe, mwingi ukageuka maji na gesi. Mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter nchini Uingereza, akajenga lake kwa ajili ya sehemu ya mji na yeye pia akalichukulia hataza. Kisa kilichofuata huwa nawasimulia vijana wanaoanza kazi ya afya. Kampuni iliyobeba hataza ya Cameron iliidai miji midogo ya Marekani malipo kwa kila tangi la mtindo ule, hata pale ambapo wenyeji walilijenga kwa matofali yao na jasho lao. Mji wa Saratoga Springs, jimbo la New York, ulifikishwa mahakamani, na mwaka 1908 mahakama ya rufaa ikaona kampuni ina haki. Mji wa Knoxville, jimbo la Iowa, nao ukashtakiwa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi ile, na mwaka 1913 majaji wakasema hataza hiyo ilikuwa imekwisha siku ilipokwisha ile ya Uingereza. Kwa hiyo tangu karo lilipozaliwa, kulikuwa na mtu anayetoza fedha kwa kitu kinachooza chenyewe chini ya ardhi.

Dar es Salaam ilipokea mabomba kwa mafungu. Wajerumani waliweka kanuni ya ujenzi mwaka 1891, iliyoanza kutenga nyumba za Wazungu na za wengine, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika. Mabomba ya majitaka yalipofika, yalihudumia kwanza katikati ya mji na kumwaga baharini. Kwingine kote iliachwa ardhi ifanye kazi. Hali hiyo haijabadilika kiasi cha kutosha. Sehemu kubwa ya wakazi wa jiji hili hawajaunganishwa na bomba lolote la majitaka, na wanaishi juu ya mashimo yao.

Mashimo hayo yana tabia za nyumba zake. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na choo kiko uani nyuma. Iliyojengwa kwa familia moja ikaja kubeba familia sita, na shimo likabaki lile lile. Udongo wa pwani ni mchanga, hausimami wenyewe, kwa hiyo watu walizuia kuta kwa walichokuwa nacho: mapipa ya mafuta yaliyokatwa matako, matairi chakavu yaliyopangwa moja juu ya jingine, wenye uwezo tofali. Kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia watu karibu milioni mbili nchini kote na kuwahimiza kuchimba vyoo. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka wazee wakikaa kwenye mkeka kuzunguka redio moja. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa viwanja vilivyopimwa uliokopeshwa na Benki ya Dunia, uliofungua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Choo kikawa sehemu ya kibali cha ujenzi. Lakini katika mafundisho yote hayo, ya redioni na ya ofisini, watu walifundishwa kuchimba. Hawakufundishwa siku shimo likijaa wafanye nini, wala walipe kiasi gani.

Na wakati huo huo chombo kilichopaswa kuwahudumia kilikuwa kimeondolewa. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972. Kazi za halmashauri ya jiji zikahamishiwa kwa watu wenye mambo mengine mengi, na mifereji, taka na vyoo vikakosa mwenyewe. Kipindupindu kilisambaa nchini mwaka 1977. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, lakini vita vya Kagera vilikuwa vinaanza, fedha za kigeni zikakauka, na magari ya kunyonya majitaka yakasimama kwa kukosa tairi na vipuri. Bei rasmi ya serikali ilikuwepo, tena ndogo. Ila gari halikuwepo. Ukitaka zamu yako ifike mapema, unamtafuta mtu anayemjua dereva, na dereva naye ana neno lake. Hapo ndipo bei ya choo ilipotoka kwenye karatasi na kuingia mifukoni, na mimi nilipoanza kazi katika ofisi moja ya afya nilikuta wakazi wameshazoea kuuliza kwa sauti ya chini, "Ya ofisini ni shilingi ngapi, na ya kweli ni ngapi?"

Pale gari lilipokosekana, vyura walikuwepo. Hivyo ndivyo mji unavyowaita wanaume wanaotapisha mashimo kwa mikono, na nawaheshimu kuliko wengi wanavyodhani. Huja usiku. Humwaga mafuta ya taa na chumvi shimoni ili kupunguza harufu, huchimba shimo jingine pembeni, kisha mmoja hushuka na ndoo, mwenzake huvuta kamba juu, na tope huhamishwa kutoka shimo la zamani kwenda jipya, kisha hufukiwa. Wanakatwa na viwembe na chupa zilizotupwa chooni. Wengine wamefukiwa na ukuta wa mchanga uliobomoka. Naandika haya kwa sababu mtu anayelalamika kwamba vyura ni ghali, mara nyingi hajawahi kusimama na kuangalia kazi yao hadi alfajiri.

Lakini chura wa zamani alikuwa na kipimo. Alikupa bei kwa futi ya tope aliyoitoa. Aliingiza mti shimoni kabla ya kuanza na akauingiza tena alipomaliza, mbele yako, chini ya taa ya chemli. Ulikuwa na haki ya kuushika mti huo wewe mwenyewe, kama ungetaka. Kuna wenye nyumba waliopunguza gharama kwa njia ya hatari zaidi: masika ikipiga kati ya Machi na Mei, wanatoboa ukuta wa shimo na kuliachia litapike barabarani pamoja na maji ya mvua. Sheria imekataza, na nimewaandikia watu notisi nyingi kwa kosa hilo. Hata hivyo sitasema kwamba wote walikuwa wakorofi. Wengi walikuwa wameulizia bei ya kunyonya, wakapewa tatu tofauti kwa shimo moja katika wiki moja, wakakata tamaa.

Kati ya mwaka 1988 na 1992 likaja jaribio ambalo mpaka leo naliona kuwa la haki kuliko yote. Shirika la Kiholanzi liitwalo WASTE, likishirikiana na idara ya majitaka ya jiji, lilitengeneza mashine iliyopewa jina MAPET. Ilikuwa pampu ya mkono yenye gurudumu zito la kuzungusha, na pipa la lita 200 juu ya mkokoteni, nyembamba kiasi cha kupita vichochoro vya Manzese ambako gari haliingii. Tope lilivutwa kwa mpira hadi kwenye pipa na kufukiwa papo hapo uani. Hakuna mtu aliyeshuka shimoni. Vikundi vilivyoiendesha vilikuwa vya mtaani, vilivyojulikana kwa nyumba na jina.

Jambo lililonigusa zaidi ni hesabu yake. Malipo yalikuwa kwa pipa. Mama mwenye fedha ya mapipa matatu alinunua mapipa matatu, choo kikapata nafasi ya kuendelea miezi kadhaa, na akabakiwa na nauli ya watoto kwenda shule. Pipa lilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu aliyesimama uani. Halikuhitaji risiti kuthibitishwa. Mashine zile zilichakaa moja moja, na hakuna aliyezibeba kama wajibu wake baada ya wafadhili kuondoka. Miaka ya baadaye kikaja kifaa kingine, Gulper, pampu ya mkono iliyobuniwa mwaka 2007 na Steven Sugden wa London, na vikundi vya vijana wa Temeke na kwingineko vikakichukua. Kinavuta tope zito na kinatumia mapipa vilevile. Ninapokutana na vijana hao huwa nawaombea heri, na nawaambia wasiiache hesabu ya pipa.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, magari ya kunyonya yaliongezeka, na pamoja nayo kikaja kipimo kipya: tripu. Idara ya majitaka ya jiji ikaunganishwa na mamlaka ya maji mwaka 1997 na kuzaliwa DAWASA, kisha ikaja kampuni binafsi ya City Water mwaka 2003, ikaondolewa 2005, ikaja DAWASCO, hadi DAWASA na DAWASCO zikaunganishwa mwaka 2018. Katika kupanda na kushuka huko, mwenye nyumba aliendelea kumwita dereva kwa namba ya simu iliyoandikwa ubavuni mwa tangi la gari, na dereva aliendelea kusema tripu.

Tripu ni ngapi? Gari moja linabeba lita 5,000, jingine 7,000, jingine 10,000, na yote yanaitwa tripu. Dereva analipa mafuta hadi kwenye mabwawa ya kusafishia, Vingunguti kwa mfano, analipa ada ya kumwaga, na analipa foleni ya barabara. Hizo ni gharama za kweli na sioni sababu ya kuzibishia. Ubishi unaanza pale ambapo shimo la mviringo lenye upana wa futi 5 na kina cha futi 10 linatozwa tripu tatu za lita 5,000. Shimo hilo, likijaa hadi mdomoni, lina lita 5,500 hivi tu. Kama kweli gari limejaa mara tatu, basi lilichobeba ni maji ya ardhini, ambayo masika huingia shimoni kwa kasi ile ile yanayotolewa. Umelipia kunyonya mto Msimbazi. Shimo linanyonywa kiangazi, Agosti au Septemba, maji ya chini yakiwa yameshuka, na hata kuta zake huwa salama zaidi. Nimeona shimo la mapipa lililonyonywa lote mwezi wa Aprili likijikunja siku ya pili kwa kusukumwa na maji ya nje.

Kuna hesabu nyingine ambayo wakaguzi tumekuwa tukiitumia kukadiria. Mtu mmoja huacha tope la lita 40 hivi kwa mwaka, mengine yote ni maji yanayopaswa kunywewa na ardhi. Nyumba ya watu 12 inaongeza lita 480 kwa mwaka. Kwa shimo la lita 5,500 ni zaidi ya miaka kumi kabla ya tope peke yake kulijaza. Kwa hiyo mwenye nyumba anayenyonya kila baada ya miezi minne asidanganyike kwamba familia yake ni kubwa mno. Ardhi yake imeacha kunywa, au maji ya mvua ya paa yanaingia, au bomba la bafuni linavuja. Kulijua tope ni rahisi: unafunga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, unauzamisha hadi sakafuni, unasubiri dakika chache, unautoa polepole. Sehemu iliyotiwa weusi ndiyo tope. Katika karo la vyumba viwili, likifikia theluthi ya kina, mwite mwenye gari. Likiwa chini ya hapo, mwambie arudi mwakani.

Ukarabati ndio unaoumiza zaidi, maana hapo hata tripu hakuna. Kuna "kazi" tu. Mama mmoja wa Tandika, mjane mwenye wapangaji wanne, aliniita akisema, "Bwana Afya, wameniambia karo langu limekufa." Lilikuwa limenyonywa, likajaa tena kabla mwezi haujaisha. Mafundi wawili kwa nyakati tofauti walimpa bei ya karo jipya, na alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa cherehani yake. Tulifungua chemba iliyo kati ya karo na shimo la kunyonya maji. Mzizi wa mwarobaini ulikuwa umeingia kwenye kiungo cha bomba na kulifunga lote. Karo lilikuwa zima, tofali zake nzuri kuliko za nyumba. Alinunua kipande cha bomba na kiungo kimoja, kijana wa jirani akafanya kazi hiyo kabla ya adhuhuri, na mwarobaini ukakatwa.

Nilikasirika siku ile, na bado nakasirika nikikumbuka. Neno "limekufa" lilitamkwa na watu wasiofungua hata mfuniko mmoja. Karo likijaa haraka baada ya kunyonywa, mara nyingi ugonjwa uko kwenye bomba la kutolea maji au kwenye shimo la kunyonya, lililozibwa na mafuta ya kupikia na povu la sabuni. Fundi mwaminifu hufungua chemba zote kwanza, kutoka chooni kwenda mwisho, akatazama maji yanaposimama. Kufungua chemba ni kazi na kuna ujira wake. Mlipe, kisha umuulize bei ya matengenezo baada ya kuona, wala si kabla.

Na kama kweli shimo jipya linahitajika, hesabu ya vifaa haifichiki. Lile shimo la futi 5 kwa futi 10 likijengewa kwa tofali za inchi 6 linameza tofali 150 hivi, pungufu kama za chini zitaachwa wazi ili maji yapite. Nimeona orodha zilizoandika 300. Zile nyingine hupelekwa kwenye kazi ya mtu mwingine, au hazinunuliwi kabisa. Saruji nayo ihesabiwe kwa mifuko inayoshushwa uani kwako, na mifuko mitupu ibaki kwako hadi kazi iishe. Unga wa "dawa ya choo" unaouzwa kwa kuahidi kwamba hutanyonya tena, sijauona ukiondoa tope hata mara moja katika mashimo niliyoyapima kabla na baada.

Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inampa mwenye nyumba wajibu wa kuwa na choo salama, na sisi maofisa tunaitekeleza kwa notisi na faini. Ninachokidai ni upande wa pili wa wajibu huo. Ofisi za serikali za mitaa zina ubao wa matangazo nje, wenye majina ya wajumbe na tarehe za mikutano. Ubao huo unaweza kubeba pia ada ya kumwaga kwenye bwawa la karibu, umbali wa kufika huko, ujazo wa kila gari linaloruhusiwa kuingia mtaani ukiwa umeandikwa kwa lita, na bei ya pipa moja kwa wanaotumia Gulper. Wenyeviti kadhaa wamenijibu kwamba wenye magari watagoma. Mmoja, wa mtaa ulio pembezoni mwa bonde la Msimbazi, aliandika ujazo wa magari matatu kwa chaki kwa wiki chache kabla ya masika, na madereva wakaanza wenyewe kutaja lita kabla ya kutaja fedha.